Gia Ndogo Kuliko Zote

Baiskeli si yangu. Lieleweke hilo mapema,
maana Mng'aro nzima imeshauliza:
wauza mchele, kibaba kikining'inia mkononi,
Mama Nakiete juu ya karai la maandazi,
hata mwanangu Titu, aliyegeuza uso ukutani.
"Hoza, umeiokota wapi?"

Mwenyewe homa imempandisha gari alfajiri,
mgeni mrefu, magoti yamebabuka kwa jua.
Kaniachia chombo na noti ya elfu kumi:
nikifikishe Mlalo kabla ya magharibi.

Mimi ni fundi. Pancha za tarafa hii nazijua kwa majina.
Lakini gia ishirini na moja!
Meno juu ya meno, cheni inahama
kama mbuzi aliyekata kamba.
Miaka kumi na tisa nimeushuka mlima huu
na magunia matatu ya kabichi nyuma ya Foniksi,
breki yangu soli ya kandambili;
na kuupanda, kila mara, kwa mguu,
usukani nimeukamata kama pembe za fahali mbishi.
Njia hii nyayo zangu zinaijua.
Makalio yangu hayajawahi kuiona.

Kona ya kwanza, mpunga ukabaki chini.
Ya tatu, shati likavuka lenyewe.
Ya tano, kifua kikadunda kama mashine ya kusaga
iliyotiwa dizeli chafu.
Watoto wa shule wakakimbia pembeni, "Mzungu! Mzungu!"
wakaiona sura, wakanyamaza.
"Kumbe fundi," akasema mmoja, kwa masikitiko,
kisha wakanisukuma kwa nyuma, bure,
hadi inapoanzia miwati
na hewa inapogeuka, baridi, yenye moshi
na udongo uliolimwa jana.

Kona ya tisa ina nyota kwenye ramani ya mgeni,
ramani aliyoifunga kwenye fremu, ndani ya nailoni.
Ameiwekea alama kwa kalamu nyekundu:
hapa ndipo pa kusimama, pa kupiga picha.
Hajakosea. Ukungu ukifunuka
unaiona nyika yote mpaka vilima vya Taita.

Sisi twaiita Kona ya Mbelwa.
Mbelwa alikuwa mdogo wangu. Alibeba karoti,
magunia mawili tu, na asubuhi ile
mimi ndiye niliyemkazia breki.
Waya ulikuwa umechoka.
Niliuona umechoka.
Nikamwambia, utafika.

Hapo nilishuka.
Gia ilikuwepo bado, ndogo kuliko zote, sijaigusa,
na miguu ilikuwa haijaomba radhi.
Nikashuka, nikaisukuma,
hatua mia, mia na kitu, sikuhesabu,
gurudumu la nyuma likinisemea tiki, tiki, tiki
kama saa ya mtu mwingine.

Juu, penye jiwe la kutulia mizigo,
wameweka benchi, rangi ingali inanata,
na kibao: Mandhari, kiingilio elfu mbili.
Kijana wa Shekalaghe akaitazama baiskeli kwanza,
mimi baadaye. Kitabu cha risiti mkononi.
"Wageni hulipa, Baba Titu. Wenyeji hapana.
Sasa wewe leo..." akasita,
"wewe leo nikuandike wapi?"
Nikamwomba maji.

Mlalo, mgeni alikuwa barazani,
blanketi mabegani, chai ya tangawizi haijanyweka.
Akaipapasa baiskeli kama ng'ombe aliyerudi.
"Njia," akasema, akitafuta neno, "njia... nzuri?"
Nikamwonyesha waya wa breki ya nyuma,
nyuzi mbili zimeanza kufumuka
pale unapoingia kwenye ganda.
Akatabasamu. Akanionyesha dole gumba.
Nikarudia, polepole: usishuke na huu.
Akatabasamu tena.

Nikatoa koleo mfukoni, nikaukata.

Alipiga ukelele, chai ikamwagika.
Nami nikaketi sakafuni, nikachomoa waya mpya
niliokuwa nimeuviringisha kiunoni tangu Mng'aro,
nikaanza kuuvisha.